Kabla Hujanunua Kompyuta ya Mtoto

Huenda nawe u miongoni mwa wazazi walioombwa na mtoto kununua kompyuta. Kwa mfanyakazi hizo ni fedha nyingi, naye muuzaji aghalabu husifia jina na rangi tu. Yafaa basi ujue kilichomo ndani kabla hujatoa fedha zako.

Twende kwanza Manchester, Uingereza. Tarehe 21 Juni, 1948, mtambo uliobuniwa na Frederic Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill, nao ukapewa jina la utani “Baby”, ulitekeleza kazi yake ya kwanza. Miaka miwili kabla, mtambo mashuhuri wa Marekani, ENIAC, ulipozinduliwa, mafundi walilazimika kuchomoa na kuchomeka nyaya kila ulipobadilishiwa kazi, na shughuli hiyo iliweza kuchukua siku kadhaa. Wenzao wa Manchester waliyaweka maagizo ya kazi mahali palepale zilipokaa hesabu, yaani katika kumbukumbu. Ukitaka kazi nyingine, wabadili maagizo, nyaya huzigusi.

Kumbukumbu hiyo ilikuwa kioo mfano wa televisheni, chenye mistari 32 ya nukta 32, kila nukta ikiwa ama 0 ama 1. La kushangaza, mtambo haukujua kujumlisha. Ulijua kutoa tu! Ili 5 na 3 ziwe 8, ilibidi 3 igeuzwe kuwa hasi ndipo itolewe katika 5. Hata hivyo, kwa maagizo 17 na dakika 52, ulitafuta kigawo kikubwa kuliko vyote cha 262,144, ukiiacha namba yenyewe, ukapata 131,072. Mwanafunzi wa shule ya msingi angeligawa kwa mbili akaenda zake kucheza, lakini waliokuwapo walikuwa wakiupima mtambo, si hesabu.

Kompyuta ya dukani, na hata simu iliyo mfukoni mwako, hufuata msingi huohuo. Prosesa ni karani: huchukua agizo, hulisoma, hulitimiza, kisha hushika linalofuata, mamilioni kwa mamilioni katika sekunde moja. Kumbukumbu ya kazi, ambayo wauzaji huiita ramu, ni meza yake. Diski ni kabati la majalada. Karani hodari mwenye meza finyu hushinda akienda na kurudi kabatini, na hapo ndipo mashine ya bei kubwa hukokota kama mkokoteni.

Umeme ukikatika, vya mezani hupotea, vya kabatini husalia. Nami nilipata kupoteza barua ndefu ya maombi ya kazi kwa kutoihifadhi, ikiwa imebaki aya moja tu.

Kwa hiyo, ukifika dukani usiulize kasi ya prosesa peke yake. Uliza ukubwa wa ramu, tena uliza kama yaweza kuongezwa baadaye. Katika baadhi ya mashine imeunganishwa kwa risasi ubaoni tangu kiwandani, nayo haiongezeki.