Sanaa ya Watu Wasiojenga Miji

Mwanafunzi akiulizwa ni mataifa gani ya kale yaliyokuwa na ustaarabu, hutaja upesi Misri, Ugiriki na Roma. Hutaja wenye miji. Watu wanaohamahama, leo hapa kesho kule, huwekwa kando, kana kwamba asiye na nyumba ya mawe hana akili wala sanaa. Hata hapa Lubunga twasikia maneno hayo juu ya Wambuti wa msitu wa Ituri. Basi, wasomaji wapenzi, tuyatazame makaburi ya wahamaji wa kale.

Tuanze mbali, katika milima ya Altai, huko Siberia. Mahali paitwapo Pazyryk, wafugaji wa farasi waliwazika wakubwa wao zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Maji yaliingia makaburini yakaganda kuwa barafu. Wachimbuzi wa Kirusi walipofukua mwaka 1929, naye Sergei Rudenko alipoendelea kutoka 1947 hata 1949, walikuta vitu ambavyo kwa kawaida huoza: matandiko ya farasi yenye nakshi, wanyama waliochongwa kwa mti, ngozi ya mtu iliyochanjwa michoro ya wanyama wa ajabu, na zulia lenye picha za wapanda farasi na paa. Zulia hilo, ambalo huenda lilifumwa nchi nyingine, limo katika makumbusho ya Hermitage.

Lakini kwetu sisi Waafrika habari ya Lothagam ni kubwa zaidi. Lothagam ni mahali pakavu magharibi mwa Ziwa Turkana, nchini Kenya. Kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, mvua ilikuwa ikipungua na ziwa likirudi nyuma. Wachungaji wa kwanza wa nchi ile walijenga huko jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, wakachimba shimo kubwa katikati, wakazika humo wafu wao kwa muda wa karne kadhaa. Shimo lilipojaa, wakalifunika kwa mawe na kusimamisha nguzo. Elisabeth Hildebrand, Elizabeth Sawchuk na wenzao, waliotoa habari hizo mwaka 2018, wanakadiria kwamba wamezikwa humo watu wasiopungua 580.

Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake: ushanga wa mawe ya rangi, ushanga wa maganda ya mayai ya mbuni, vikuku vya meno ya kiboko. Mmoja alivikwa kichwani pambo la meno 405 ya panya wa jangwani, yaani panya wasiopungua 113! Twastaajabia subira ya fundi yule. Tena wazee, vijana na watoto wachanga walilala pamoja, wala haikuonekana alama ya bwana na mtumwa. Huko Pazyryk makaburi makubwa yalikuwa ya wakubwa. Huku kazi ile kubwa ilifanywa kwa ajili ya wote.

Sasa turudi Ituri. Wanaume wa Kimbuti huponda gome la ndani la mti mpaka liwe nguo laini. Wanawake huichora mistari na nukta kwa maji ya matunda ya porini na makaa. Nguo hizo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na wachoraji wa huko huzisifu. Walakini za miaka elfu iliyopita hazipo. Siberia ina barafu, Turkana ina ukavu. Msitu wetu una unyevu na mchwa. Katika mapango ya Ituri wachimbuzi wamekuta vifaa vya mawe vya zaidi ya miaka 10,000. Mawe yamebaki. Kamba, magome na rangi, kama vilikuwako, vimeliwa na udongo.