Salio la Tanzania kwenye mnara wa Kongo

Lori lililopakia salfa bandarini Dar es Salaam kwenda kwenye migodi ya Kolwezi hushusha mzigo likiwa limeshakanyaga nchi tatu. Linatoka Tanzania kwa mpaka wa Tunduma, linaikata Zambia kupitia Mpika na Kapiri Mposhi, linaingia Kongo kwa Kasumbalesa, kisha linapita Lubumbashi, Likasi na Fungurume mpaka Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Ni zaidi ya kilomita 2,200 kwenda tu, na kurudi gari linabeba shaba au kobalti kwa barabara ileile. Dereva anakwenda na simu yenye laini ya vocha aliyosajili nyumbani. Kwa simu hiyo tajiri anauliza gari limefika wapi, mke anaomba ada ya mtoto, na fedha ya njiani inatumwa. Ikinyamaza pale Kasumbalesa, ambako foleni inaweza kumweka mtu siku kadhaa, dereva hana pa kuuliza wala pa kukopa.

Wengi wanaamini kwamba kupiga simu nje ya nchi ni ghali kwa sababu ya umbali. Umbali una sehemu ndogo sana hapo. Mtu aliye Kasumbalesa yuko karibu zaidi na Chililabombwe ya Zambia kuliko na Kolwezi, lakini kumpigia wa Chililabombwe kunaweza kumgharimu mara nyingi zaidi. Kinachopanga bei ni mikataba kati ya kampuni na kampuni, na kodi za serikali juu ya mikataba hiyo. Ukishaelewa jambo hili, maamuzi mengi ya safari yanakuwa mepesi.

Ndani ya kadi ya laini kuna namba ya utambulisho ambayo mwenye simu haioni. Tarakimu zake tatu za kwanza hutaja nchi: 640 ni Tanzania, 645 ni Zambia, 630 ni Kongo. Simu ya dereva ikiamka chini ya mnara wa Kongo, mnara unasoma 640 na kujua kwamba huyu ni mgeni. Mtandao wa Kongo unapeleka swali Tanzania: huyu ni mteja wenu? Mmemruhusu kutumia huduma nje? Jibu hurudi kwa sekunde chache, na jina la mtandao mwenyeji linatokea kwenye kioo. Swali hilo huulizwa tu pale ambapo kampuni hizo mbili zina makubaliano ya kuhudumiana wateja, yaani romingi. Yasipokuwepo, simu inaweza kuonyesha mawimbi yamejaa na bado isipige popote.

Makubaliano ya kwanza ya namna hii kati ya nchi na nchi yalifungwa mwaka 1992, kati ya Telecom Finland na Vodafone ya Uingereza. Yalimfaa mteja wa mkataba, anayeletewa ankara mwisho wa mwezi. Mteja wa vocha alikuja na tatizo lake. Salio lake liko kwenye kompyuta ya kampuni ya nyumbani, na mtandao mwenyeji hauwezi kuliona. Ili aongee akiwa Likasi, kompyuta ya Dar es Salaam lazima ifuatilie maongezi hayo yakiendelea, ikate fedha kidogo kidogo, na itoe amri ya kusimamisha pindi salio linapoisha. Teknolojia ya kufanya hivyo, inayoitwa CAMEL, ilianza kuingizwa katika viwango vya GSM mwishoni mwa miaka ya 1990, na ni lazima iwepo pande zote mbili. Kampuni ambazo hazikuwa nayo zilitumia njia ya mzunguko: mteja anatuma namba anayotaka kuipiga kwa msimbo mfupi, mtandao wa nyumbani unampigia yeye kwanza, halafu unamuunganisha na mwenzake. Ndiyo maana madereva wawili wa kampuni moja ya simu, mmoja wa mkataba na mwingine wa vocha, wanaweza kuegesha pamoja na mmoja akaongea huku mwenzake akikwama.

Jambo linalowaumiza wengi ni kukatwa fedha wanapopokea simu. Mama aliye Morogoro anapiga namba ya +255 aliyoizoea. Hajui kama mwanawe yuko Chalinze au Fungurume, na analipa bei ya ndani ya nchi. Lakini simu hiyo lazima isafirishwe kutoka Tanzania hadi Kongo, na kipande hicho cha pili kwa kawaida hulipiwa na anayepokea. Dereva anayeona vocha yake imeyeyuka bila kupiga hata mara moja hajaibiwa. Ameulipia upande wake wa njia. Kwenye mitandao mingi, salio likifika sifuri akiwa nje, hata simu za kuingia zinakoma, na nyumbani wanaanza kuwa na wasiwasi.

Ujumbe wa sauti nao una mtego wake. Simu isipopokelewa, inaweza kuelekezwa kwenye kisanduku cha sauti kilichoko nyumbani. Yaani imetoka Tanzania, ikafika Kongo, ikarudishwa Tanzania, na safari zote mbili zinaweza kuwekwa kwenye hesabu ya mwenye laini. Kabla ya kuvuka mpaka, bonyeza ##002# kisha piga. Msimbo huo unafuta maelekezo yote ya kuhamisha simu.

Na bando halivuki mpaka. Dakika na megabaiti ulizonunua Mbeya zimefungwa kwenye mtandao wa nyumbani, isipokuwa kama kifurushi chenyewe kimeuzwa kwa ajili ya romingi. Ukivuka, matumizi yanakula salio kuu kwa bei ya nje. Programu za simu zikianza kujisasisha zenyewe usiku wakati umelala kwenye kebini ya lori, vocha nzima inaondoka. Zima data ya romingi ukiwa bado Tunduma. Na namba zote za muhimu ziandike kwa alama ya jumlisha na msimbo wa nchi, +255 au +260 au +243, maana namba iliyohifadhiwa kwa kuanza na sifuri itatafutwa ndani ya nchi uliyomo.

Haya yote yangeweza kuwa mepesi zaidi, kwa sababu yalishawahi kuwa mepesi. Celtel, kampuni iliyoanzishwa na Mo Ibrahim mwaka 1998, ilizindua One Network Septemba 2006 katika Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja wa vocha alivuka mpaka bila kujisajili popote, akapiga kwa bei za wenyeji, akapokea simu bure, na akaongeza salio kwa vocha za nchi aliyofikia. Mwaka uliofuata Kongo iliingizwa. Iliwezekana kwa kuwa kampuni moja ilimiliki mitandao pande zote za mpaka, hivyo haikuwa na haja ya kujitoza yenyewe. Celtel ikageuka Zain mwaka 2008, na mwaka 2010 mitandao yake ya Afrika ikanunuliwa na Bharti Airtel ya India. Katika miaka hiyo serikali kadhaa ziliona kwamba simu zinazoingia kutoka nje ni chanzo cha mapato, zikaziwekea tozo, na unafuu wa namna ile ukawa mgumu kuutunza.

Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilionyesha njia nyingine kuanzia mwaka 2014. Safari hiyo ni serikali zilizokaa mezani. Ziliondoa tozo kwenye simu za kati yao, zikaweka ukomo wa senti 10 za Marekani kwa dakika kwa anayepiga, na kupokea kukawa bure. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tanzania, Zambia na Kongo zote zimo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Kwa hiyo kwenye barabara ya shaba vikao vya kuzungumzia jambo hili vipo tayari, na wasimamizi wapo: TCRA kwa Tanzania, ZICTA kwa Zambia, ARPTC kwa Kongo. Mimi naona ni haki ya madereva hawa kudai suala lao liwekwe kwenye ajenda. Kontena la shaba lililofungwa lakiri Kolwezi linakwenda hadi bandari ya Dar es Salaam bila kufunguliwa, kwa sababu nchi zilikubaliana. Mtu anayeliendesha anastahili makubaliano ya aina hiyo kwa sauti yake.

Kabla ya hapo, njia inayofaa ni simu ya laini mbili. Laini ya nyumbani inabaki hai upande mmoja, data ikiwa imezimwa, kwa kazi ya kupokea meseji, ambazo kwa kawaida hazikatwi fedha ukiwa nje. Meseji za benki na za huduma za fedha zinaingia hapo, kwa hiyo usithubutu kuitoa na kuitia mfukoni. Upande wa pili unaweka laini ya Kongo kwa kupiga na kwa intaneti. WhatsApp itaendelea kwa namba yako ya zamani hata ukitumia data ya laini mpya; programu ikikuuliza kama ubadilishe namba, kataa. Mama akipiga laini ya nyumbani, usipokee, mrudishie kwa WhatsApp.

Laini ya Kongo inunue kwa uangalifu. Mijini Lualaba, wauzaji wamekaa chini ya miavuli, myekundu ya Vodacom na Airtel, ya rangi ya chungwa ya Orange, na kwa wengi wao unapata vocha, fedha za simu na kubadilisha dola mahali pamoja. Ni watu wanaorahisisha maisha ya msafiri. Lakini laini ambayo imeshasajiliwa kwa jina la mtu mwingine usiichukue hata kama inafanya kazi papo hapo. Fedha ukiziweka humo, kisheria ziko kwa mwenye jina, na siku kadi ikipotea hutaweza kuirudisha. Nenda kwenye duka la kampuni ukiwa na pasipoti, hata kama foleni ni ndefu.

Ukiwa Kasumbalesa yenyewe, angalia kioo kabla ya kupiga. Minara ya Zambia inafika upande wa Kongo na ya Kongo inafika upande wa Zambia, na simu ikiachiwa ichague yenyewe inaweza kurukia mtandao wa nchi ya pili. Gari limesimama Kongo, laini ni ya Kongo, lakini simu imeshika mnara wa Zambia, na sasa laini yako mpya imekuwa mgeni na inakatwa kama mgeni. Ingia kwenye mipangilio, ondoa uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, chagua mtandao wako wa Kongo kwa mkono. Ukishapita Lubumbashi unaweza kuurudisha ulivyokuwa.

Upande wa fedha ndio wenye makosa mengi zaidi, kwa sababu majina yanafanana. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania mwaka 2008, na Vodacom ya Kongo ikaileta mwaka 2012. Ni jina moja kwenye vitabu vitatu tofauti. Akaunti ya Tanzania ina shilingi, ya Kongo ina franka na dola kila moja na mfuko wake, na wakala wa Kolwezi hawezi kukutolea fedha iliyoko kwenye akaunti ya Tanzania kama vile ni yake. Hata kufungua menyu ya nyumbani kunaweza kugoma. Viwango vya GSM vinaruhusu baadhi ya misimbo mifupi inayoanza na nyota ishughulikiwe na mtandao mwenyeji badala ya kupelekwa nyumbani, na mwenyeji asipoutambua msimbo huo anarudisha jibu la kukataa. Jaribu kuangalia salio la fedha ukiwa Nakonde, upande wa Zambia, hatua chache tu baada ya mpaka. Kama menyu inagoma hapo, unajua mapema, na bado unaweza kurudi upande wa pili kupanga mambo. Kwa mfuko wa Kongo, kila unapotoa au kutuma hakikisha umechagua franka au dola kama ulivyokusudia, kwa maana biashara nyingi za Kolwezi zinafanyika kwa dola na menyu inauliza kabla ya kuendelea.

Watumiaji wa vocha wa Kongo wana sababu ya kuwa waangalifu na salio lao. Mwaka 2020 serikali ilianzisha RAM, daftari la kusajili simu za mkononi, na ada yake ikakatwa moja kwa moja kwenye uniti za mteja: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Mtu aliyeweka uniti ili ampigie mgonjwa alikuta zimepungua kabla hajapiga. Wananchi na wabunge walilalamika kwa muda mrefu, na mwaka 2022 ikaondolewa. Kwa msafiri, kuweka uniti za siku hiyohiyo tu ni tabia nzuri.

Safari ya kurudi ina kazi yake. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa na namba yake kupewa mteja mwingine, pamoja na chochote ulichokiunganisha nayo. Kwa hiyo kama hutarudi Kolwezi karibuni, ukiwa bado Kasumbalesa toa franka na dola zote kwenye akaunti ya Kongo, na kama uliwahi kuisajili namba hiyo benki au kwenye barua pepe, ibadilishe kabla ya kuvuka. Kama utarudi na mzigo mwingine, weka uniti kidogo na uitumie mara mojamoja laini ikiwa kwenye mtandao wake. Ukifika Tunduma, hakikisha simu imesogeza saa mbele kwa saa moja, kwa maana Zambia na Lualaba ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja.