Fuko asiyesikia pilipili, na maumivu ya mtoto wako nyumbani

Mkulima wa mihogo, viazi vitamu au karanga katika vijiji vya Katavi hana sababu ya kumpenda fuko. Anachimba chini kwa chini, anatafuna mizizi, na mwenye shamba anakuja kugundua siku ya kuvuna kwamba shina limesimama vizuri lakini chini hakuna kitu. Hutegewa mitego, na wapo wanaomfanya kitoweo.

Mnyama huyohuyo ndiye aliyewasaidia watafiti wa mfumo wa neva kuelewa jambo linalomnyima usingizi mzazi yeyote: kwa nini mwili unauma, na nini kinaweza kuyazima maumivu hayo.

Jina lake limefika mbali. Kundi moja la jamii ya fuko huitwa na wataalamu Fukomys, neno lililotokana na jina hilihili tunalolitumia shambani. Mwaka 2017 wanasayansi, akiwamo Georgies Mgode wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walitangaza aina mbili mpya za fuko nchini Tanzania. Moja imetoka Ujiji, mkoa jirani wa Kigoma, na nyingine Mlima Hanang.

Aliyemfuatilia fuko kwa ajili ya maumivu ni Gary Lewin, mtafiti wa neva katika Kituo cha Max Delbrück jijini Berlin, Ujerumani. Alianza na fuko uchi, yule asiye na manyoya anayeishi Kenya, Ethiopia na Somalia. Mwaka 2008 yeye na wenzake, akiwamo Thomas Park wa Chicago, walieleza kwamba fuko huyo akiguswa na tindikali au na kapsaisini, yaani ule ukali wa pilipili, hashtuki. Panya wa kawaida hulamba mguu kwa uchungu. Fuko uchi anaendelea na shughuli zake.

Ukimfinya, anasikia. Ukimgusisha kitu cha moto, anasikia. Kwa hiyo hakuzaliwa na ganzi ya mwili mzima. Kuna milango fulani tu ya maumivu ambayo kwake haifanyi kazi. Maelezo yanayotolewa ni maisha yake: anaishi na ndugu wengi katika mashimo yenye hewa nzito, na hewa hiyo chafu ikikutana na unyevu wa macho na pua hugeuka tindikali. Angekuwa anaumia kama sisi, asingekaa humo hata siku moja.

Mwaka 2019 kundi la Lewin lilichapisha utafiti mwingine uliochunguza jamii kadhaa za fuko wa Afrika. Wengine hawakusikia tindikali, wengine hawakusikia pilipili. Mmoja wa Afrika Kusini hakujali kemikali iliyomo kwenye haradali, ile inayopanda puani. Huyu wa mwisho hukaa shimo moja na sisimizi wenye sumu kali, na sumu yao haimsumbui. Watafiti walikuta kwamba ana kwa wingi njia moja ndogo kwenye neva zake, inayotuliza ujumbe wa maumivu kabla haujasafiri. Walipoizuia njia hiyo kwa dawa, fuko yule akaanza kuumia kama wengine.

Kwa nini pilipili, ambayo ipo kila jikoni? Kwa sababu ndiyo iliyofungua mlango wa kwanza. Mwaka 1997 David Julius na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliitumia kapsaisini kutafuta kipokezi chake kwenye neva. Walichokipata ni kipokezi kinachoitikia pia joto la kuanzia nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Pilipili haichomi kwa sababu ina moto. Inachoma kwa sababu inagonga mlango uleule unaogongwa na chai ya moto, na ubongo hautofautishi mgongaji. Kazi hiyo ilimpa Julius Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian aliyechunguza mguso.

Hata kuku wa nyumbani anaweza kukuonyesha hili. Mwangalie anavyodonoa pilipili kichaa bila kutikisa kichwa. Kipokezi cha ndege hakiitambui kapsaisini, na ndiyo maana ndege huzila na kuzisambaza mbegu.

Kipokezi hicho kina tabia nyingine ambayo mzazi ameiona bila kuijua. Sehemu ya mwili ikiungua au ikivimba, mlango unalegea na kuanza kufunguka kwa joto dogo. Hapo maji ya uvuguvugu, ambayo jana mtoto aliogea akicheka, leo yanamfanya apige kelele. Hadeki. Neva zake zinapeleka taarifa ya moto kwa maji yasiyo ya moto.

Hapa pia ndipo desturi moja ya nyumbani inapohitaji kuangaliwa upya. Wapo akina mama wanaopaka pilipili kwenye titi ili mtoto aache kunyonya, na wanaompaka kidoleni ili aache kukinyonya. Kwa neva za mtoto hiyo ni taarifa ya kuungua mdomoni, na akijifuta macho kwa mkono uleule, ni kuungua machoni. Kumwachisha taratibu, ziwa moja baada ya jingine, kunachukua siku nyingi zaidi lakini hakumchomi.

Msomaji anaweza kuuliza: kama milango inajulikana, si ifungwe tu? Makampuni ya dawa yamejaribu. Baadhi ya dawa zilizofunga kipokezi cha pilipili ziliwapandisha joto la mwili waliokuwa kwenye majaribio, kwa kuwa mlango huohuo unasaidia kupima joto la mwili. Kufunga kila kitu nako ni hatari. Mwaka 2006 watafiti walieleza familia kadhaa za Pakistan ambazo watoto wao walizaliwa bila kusikia maumivu kabisa, kutokana na hitilafu ya jeni moja. Mtoto mmoja alijulikana kwa kukanyaga makaa mtaani ili watu watazame. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa.

Dawa za maumivu zilizotoka kwenye mimea ni nyingi na za kweli. Mofini ilitoka kwenye utomvu wa mpopi. Aspirini ina asili yake kwenye gome la mti. Lakini kuna kisa cha Kameruni ambacho kila anayechemsha mizizi anapaswa kukisikia.

Mwaka 2013 kundi la Michel De Waard, mtafiti wa neva wa Grenoble, Ufaransa, lilitangaza kukuta tramadoli kwenye mizizi ya mti unaotumika kutibu maumivu kaskazini mwa Kameruni. Tramadoli ni dawa kali ya maumivu iliyotengenezwa maabara Ujerumani miaka ya 1960. Habari ikashangaza dunia: mti umeitengeneza dawa ya kiwandani! Mwaka uliofuata watafiti wa Dortmund, Ujerumani, walikuja na jibu lisilopendeza. Wafugaji wa eneo lile walikuwa wakiwapa ng'ombe tramadoli ili wavumilie kazi juani. Ng'ombe wakakojoa, dawa ikaingia ardhini na kwenye maji, mizizi ikainywa. Miti ya kusini mwa nchi haikuwa nayo. Grenoble hawakukubali mara moja, lakini mwaka 2016 wale wa Dortmund walipima umri wa kaboni iliyomo na kuonyesha kwamba ilitoka kiwandani.

Mgonjwa aliyekunywa mzizi ule hakuwa na namna ya kujua. Huenda alipona maumivu kweli, na akaamini mti. Tramadoli haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 12, kwani inaweza kumpunguzia pumzi.

Tanzania haijawapuuza waganga wa mimea. Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu 1974, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo tangu 2002. Tatizo la sufuria ya nyumbani ni kipimo. Mzizi wa mti mmoja si sawa na wa mwingine, na mtoto wa kilo 8 si mtu mzima mdogo.

Kwa maumivu na homa, dawa ya kwanza kwa mtoto ni parasetamoli, na hupimwa kwa kilo: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, si zaidi ya mara nne kwa siku. Wa kilo 10 anapata kati ya miligramu 100 na 150 kwa mara moja. Uzito upo kwenye kadi ya kliniki. Tumia kijiko kilichokuja na chupa, si cha chai. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16 bila agizo la daktari.

Dawa ya maumivu pia haiui vijidudu vya malaria. Homa ikishuka kwa muda, mzazi hutulia na kuahirisha kipimo, na kwa mkoa kama Katavi hilo ni kosa kubwa. Anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea asisubiri asubuhi.

Na kama ameshanyweshwa mizizi, mwambie muuguzi bila aibu. Nenda na kipande chake mfukoni.