Waya mmoja wa ziada unavyoweza kuzima mtandao wa kompyuta

MTANDAO wa kompyuta wa hospitali ya Beth Israel Deaconess, mjini Boston, Marekani, uliyumba kwa takriban siku nne mwezi Novemba 2002. Madaktari waliozoea kusoma majibu ya maabara kwenye kompyuta walilazimika kurudia karatasi, na fomu zikawa zinabebwa kwa mkono kutoka idara moja hadi nyingine.

Hapakuwa na mhalifu wala virusi. Ujumbe ulikuwa ukizunguka ndani ya mtandao bila kikomo.

Swichi ni kisanduku chenye matundu ya waya kinachounganisha kompyuta za ofisi. Fundi makini huunganisha swichi zake kwa njia zaidi ya moja, ili waya mmoja ukikatika, mwingine uokoe kazi. Tahadhari hiyo njema ndiyo inayozaa hatari.

Swichi inapopokea ujumbe uliokusudiwa kompyuta zote, huunakili na kuutoa katika kila tundu, isipokuwa lile ulimoingilia. Iwapo nyaya zimefanya duara, nakala hurejea na kunakiliwa tena. Ujumbe wa intaneti hubeba hesabu ya hatua, na ikiisha hutupwa. Fremu ya Etheneti inayoubeba haina hesabu hiyo. Ndani ya sekunde chache mtandao hujaa nakala, na kazi zote husimama.

Dawa yake ilibuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman, mwanamama aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment ya Marekani. Itifaki yake, STP, huufanya mtandao uwe mfano wa mti, kwa kuwa matawi ya mti hayarudi kukutana. Swichi hupashana habari kila baada ya sekunde 2, huchagua mojawapo kuwa mzizi, kisha kila moja hubakiza njia nafuu ya kuufikia. Njia za ziada hufungwa, lakini waya hauchomolewi. Njia kuu ikikatika, ya akiba hufunguliwa. Awali kazi hiyo ilichukua sekunde 30 hadi 50. Toleo la mwaka 2001 huweza kuimaliza chini ya sekunde moja.

Uchaguzi wenyewe una kichekesho chake. Mwenye namba ndogo ndiye mshindi, na swichi zikiachwa kama zilivyotoka kiwandani, kipaumbele huwa 32,768 kwa nyingi kati yake. Hapo huamua anwani ya kiwandani, na mara nyingi swichi kuukuu ndiyo yenye anwani ndogo. Kisanduku chakavu kilichosahaulika stoo chaweza kutawala jengo zima.

Aidha, viwango vya awali vya STP vilipangwa kwa mtandao usiozidi swichi 7 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mtandao wa Boston ulikuwa umeungwaungwa hadi kuvuka mpaka huo. Data nyingi zilipoulemea, itifaki ilishindwa kuziba mizunguko. Baadaye uligawanywa kwa ruta, na mkuu wa teknolojia, Dk. John Halamka, alilieleza tukio hilo hadharani.

Kwa ofisi ndogo, swichi nyingi za bei nafuu hazina STP kabisa. Mtumishi akiona ncha ya waya inaning'inia chini ya meza na kuichomeka ukutani kwa nia njema, duara limekamilika. Ndiyo maana mafundi wazoefu huiteua wenyewe swichi ya mzizi, na huamuru tundu la mezani lijifunge mara linapopokea habari za swichi nyingine.