Singapore: Serikali Inapokununulia Tiketi ya Tamthilia

Hebu fikiria serikali ikupe pesa halafu ikwambie: haya, nenda ukatazame tamthilia. Wala si kampeni. Tangu Septemba 2025, kila raia wa Singapore aliyetimiza miaka 18 ana dola 100 za kwao za kulipia sanaa na turathi za nyumbani, na anaweza kuzitumia hadi mwisho wa 2028. Chipsi huwezi kununua nazo, pole.

Nchi yenyewe ni jiji moja tu, ukubwa wake unakaribia Nairobi. Zamani ungeisikia ikitajwa kwa bandari na benki. Baraza la sanaa likaundwa 1991, na 2002 wakafungua Esplanade, jumba la maonyesho kando ya maji. Paa lake lina miiba hadi wenyeji wakalibandika jina la durian, lile tunda linalofanana na fenesi na kunuka vibaya. Liligharimu takribani dola milioni 600 za huko.

Kumbe mkwanja una masharti. Kuanzia 1994 sanaa ya utendaji, ile ya msanii kutumia mwili wake mwenyewe mbele ya watu, ilinyimwa ruzuku kwa karibu miaka kumi, baada ya onyesho moja kuzua kelele.

Halafu kuna Sonny Liew. Kitabu chake cha katuni, The Art of Charlie Chan Hock Chye, kinasimulia historia ya nchi tofauti na wakubwa wanavyoipenda. Mwaka 2015 baraza likaondoa ruzuku ya dola 8,000, likidai kinaweza kudhoofisha mamlaka ya serikali. Unajua kilichofuata: watu wakakigombania madukani. Mwaka 2017 kikashinda tuzo tatu za Eisner kule Marekani, na baraza likampongeza Liew bila kutaja jina la kitabu!

Ndiyo maana hizi dola 100 zinanivutia kuliko lile jumba. Safari hii anayeshika pesa ni mtazamaji, na akipenda kazi yako hahitaji kumuuliza afisa yeyote. Ingawa maonyesho ya hadharani bado yanahitaji leseni, kwa hivyo afisa hajaenda mbali.

Sasa wewe unayeandika mchezo wako usiku kwa simu, ukiomba mfadhili atokee: ungezichukua zile 8,000 za Liew?