Losheni ni pembejeo: Jua la shambani, ualbino na kazi ya mbunge

Msimu wa kupalilia mahindi unapowadia katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, familia nyingi hushinda shambani tangu alfajiri hadi jioni. Kwa wakulima wengi, jua la mchana huleta uchovu tu. Lakini kwa mkulima aliyezaliwa na ualbino, jua hilo hilo linaweza kumletea saratani ya ngozi angali kijana.

Hatari hii inajulikana na njia ya kuizuia ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mpango wa kumfikishia mkulima huyo kinga kwa wakati unaofaa. Mpango wa aina hiyo hauwezi kutungwa na daktari peke yake. Huanzia Bungeni, mahali ambapo fedha za umma hugawanywa. Makala haya yanaeleza ualbino ni nini, kwa nini mkulima wa nyanda za juu anapaswa kujihadhari zaidi, na mbunge wa kawaida asiye na cheo chochote serikalini anaweza kufanya nini.

UALBINO NI NINI?

Ualbino si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana. Ni hali ya kurithi ambapo mwili hautengenezi melanini ya kutosha. Melanini ndiyo rangi inayopatikana katika ngozi, nywele na macho, na kazi yake kubwa ni kuzuia miale mikali ya jua isiharibu seli.

Ili mtoto azaliwe na aina ya ualbino iliyo ya kawaida Afrika, ni lazima apokee jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe wanaweza kuwa na ngozi nyeusi kabisa bila kujua kwamba wanabeba jeni hiyo. Wazazi wa namna hiyo wakikutana, kila mimba huwa na nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Kwa hivyo mume anayemfukuza mkewe akidai kwamba mtoto si wake anamwonea. Damu yake mwenyewe imechangia nusu ya hali hiyo.

Ualbino hugusa macho pia. Wengi huona kwa shida vitu vilivyo mbali, macho yao huchezacheza, na mwanga mkali huwaumiza. Shambani jambo hili lina uzito wake. Mtu asiyeweza kusoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa ya wadudu anaweza kuchanganya sumu kupita kiasi, au kuikosa miguu yake kwa jembe kwa bahati tu.

JUA LA MILIMANI

Wakazi wengi huamini kwamba jua la Kitale si kali kwa sababu hewa yake ni ya baridi. Imani hii ni ya hatari. Joto tunalolihisi na miale inayochoma ngozi ni vitu viwili tofauti. Miale hiyo, iitwayo urujuanimno, haionekani kwa macho wala haihisiwi kama joto.

Wataalamu husema kwamba nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Kitale uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, na Bungoma karibu mita 1,400. Kwa hesabu hiyo, chini ya anga lililo sawa, ngozi ya mtu aliye Kitale hupokea miale mingi kuliko ya mtu aliye Mombasa, ijapokuwa wa Mombasa ndiye anayetokwa na jasho. Miji hii miwili iko karibu sana na ikweta, na mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya miale hiyo. Siku ya mawingu si siku ya kuacha kofia nyumbani.

Madhara huja polepole. Kwanza ngozi hubabuka na kuwa nyekundu. Baadaye hutokea madoa na magamba makavu kwenye paji la uso, masikio, midomo, shingo na mgongo wa mikono. Magamba hayo yakiachwa, baadhi hugeuka kuwa vidonda visivyopona, na hapo saratani huwa imeanza. Katika hatua ya mapema daktari anaweza kuyaondoa magamba kwa kuyagandisha kwa baridi kali, au kukata kidonda kidogo na mgonjwa akarudi nyumbani. Akichelewa, huhitaji upasuaji mkubwa na tiba ya mionzi, mbali na kwao na kwa gharama kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Habari za watu wenye ualbino kushambuliwa kwa sababu za kishirikina zimesikika sana. Mnamo Agosti 2010, mahakama mjini Mwanza, Tanzania, ilimfunga Mkenya mmoja miaka 17 kwa jaribio la kumuuza kijana Mkenya mwenye ualbino. Uovu huo ulistahili adhabu. Hata hivyo, saratani ya ngozi imewaua wengi zaidi, bila kelele na bila kesi yoyote mahakamani.

HESABU YA KURA

Sensa ya 2019 ilikuwa ya kwanza nchini Kenya kuwahesabu watu wenye ualbino. Walipatikana 9,729 katika nchi ya watu milioni 47.6. Hiyo ni sawa na mtu mmoja kati ya karibu kila watu 4,900. Huko Ulaya, hali inayompata chini ya mtu mmoja kati ya 2,000 huhesabiwa kuwa adimu.

Sasa tugawanye idadi hiyo kwa maeneo bunge 290. Kila mbunge hupata wastani wa watu 33 au 34. Tukigawanya kwa wadi 1,450, kila diwani hupata chini ya watu saba. Mwanasiasa anayehesabu kura pekee hawezi kushughulishwa na watu saba. Wakulima wa mahindi ni maelfu kwa maelfu, na ndiyo maana kila mgombea huzungumzia bei ya mbolea.

Hili ndilo tatizo la hali zote adimu. Wenye hali hizo ni wachache mno kuweza kushinda kwa wingi wao. Haki yao hudumu tu inapoandikwa katika sheria na katika bajeti, ili isitegemee huruma ya mtu aliye ofisini.

Hata hivyo, wachache wamefaulu kuingia ndani. Nchini Tanzania, Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008, na Salum Khalfani Barwany akachaguliwa Lindi Mjini mwaka 2010. Nchini Kenya, Isaac Mwaura aliteuliwa mwaka 2013. Mnamo Agosti 2022 wapiga kura wa Webuye Mashariki, Kaunti ya Bungoma, walimchagua Martin Pepela Wanyonyi wa chama cha Ford-Kenya. Naye ana ualbino, na alishinda kwa kura za wananchi katika eneo ambalo wengi ni wakulima.

MBUNGE WA KAWAIDA ANAWEZA NINI?

Wako wanaosema kwamba mbunge asiye na cheo hana nguvu. Historia inawapinga. Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge ilianzishwa mwaka 2003 kwa mswada wa mbunge wa Ol Kalou wakati huo, Muriuki Karue. Sheria ya Sukari iliyotiwa saini Novemba 2024, ambayo inawagusa wakulima wa miwa wa Bungoma, ilitokana na mswada wa mbunge wa Navakholo, Emmanuel Wangwe. Katika Seneti, seneta mteule Crystal Asige alikuwa miongoni mwa walioisukuma Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003.

Mbunge ana njia nne kuu. Anaweza kumuuliza waziri swali, na jibu likaandikwa katika kumbukumbu za Bunge. Anaweza kuleta hoja. Anaweza kuleta mswada wake mwenyewe, ingawa mswada unaohitaji fedha una masharti: chini ya kifungu cha 114 cha Katiba, huendelea tu kamati inayohusika ikiupendekeza, baada ya kuzingatia maoni ya waziri wa fedha. Njia ya nne, ambayo haitangazwi sana, ni kukaa katika kamati na kuyapitia makadirio ya bajeti mstari kwa mstari.

Losheni ya kukinga jua iliingia katika bajeti ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakati serikali ilipotenga Sh100 milioni kwa ajili ya watu wenye ualbino kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na bajeti nzima. Hata hivyo, kilibadilisha jambo moja kubwa: losheni ikawa huduma ambayo mwananchi anaweza kuiulizia, na mbunge anaweza kumdai waziri ajibu.

MBOLEA NA LOSHENI

Mkulima yeyote wa Kitale anajua kwamba mbolea ya kupandia ikifika Juni haina faida. Mwaka 2023 serikali ilishusha bei ya mbolea ya ruzuku hadi Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Tangu hapo malalamiko ya wakulima yamekuwa si ya bei tu, bali pia kama mbolea imefika ghalani kabla ya mvua.

Losheni nayo ina msimu wake. Mkulima mwenye ualbino huihitaji zaidi wakati wa kupanda mwezi Machi na Aprili, wakati wa palizi, na wakati wa kuvuna kuanzia Oktoba. Akiikosa katika miezi hiyo, atachagua kati ya ngozi yake na chakula cha watoto, na wengi huchagua chakula. Kwake yeye, losheni ni pembejeo kama mbegu na mbolea. Ingefaa basi sera ya kilimo imhesabu mkulima huyu, na usambazaji wa losheni ufuate kalenda ya shamba.

Kilimo na hospitali za mashinani ni kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo madiwani pia wana wajibu. Maafisa wa kilimo wanaweza kumshauri mkulima mwenye ualbino kuhusu kazi za kivulini, kama vile kufuga kuku, ng'ombe wa maziwa wa kulishwa zizini, au kukuza miche chini ya paa. Aidha, losheni inaweza kutengenezwa hapa Afrika Mashariki. Huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino.

UFANYE NINI?

Ikiwa wewe au mwanao ana ualbino, zingatia haya:

- Fanya kazi ya shambani alfajiri na jioni. Epuka jua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri.

- Vaa kofia yenye ukingo mpana pande zote, shati la mikono mirefu la kitambaa kilichoshonana, na suruali au sketi ndefu. Nguo hukinga kuliko losheni.

- Paka losheni yenye SPF 30 au zaidi sehemu zote zisizofunikwa, na urudie kila baada ya saa mbili. Kijiko cha chai kwa uso na shingo, na kingine kwa kila mkono, ndicho kiasi cha kutosha.

- Kagua ngozi kila mwezi. Kidonda kisichopona kwa wiki nne kionyeshwe daktari bila kungoja kiume.

- Mtoto aketi mbele darasani, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, na apimwe macho mapema.

Kwa jirani na ndugu, neno "zeruzeru" huwaumiza wengi. Sema mtu mwenye ualbino.

Jambo la mwisho linawahusu wote. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Kifungu cha 221 kinataka makadirio ya bajeti yafike Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili, na kamati ipokee maoni ya umma. Huo ni wakati ambao mkulima wa Trans Nzoia na Bungoma yuko shambani akipanda. Kikundi cha wazazi kumi kikiandika barua moja wakati huo, kikauliza ni chupa ngapi zimetengewa kaunti yao na zitafika mwezi gani, mbunge wao atakuwa na swali la kumpelekea waziri.