Kutoka Kosi Hadi Rodo: Ni Safari ya Saa Ngapi?

Fungua Biblia yako katika Matendo ya Mitume, sura ya 21, mstari wa kwanza. Hapo utakuta majina ya visiwa viwili, Kosi na Rodo. Mtume Paulo na wenzake walitweka tanga, wakafika Kosi, na siku ya pili yake wakafika Rodo. Luka hakueleza zaidi. Je, umewahi kujiuliza visiwa hivyo vimeachana kwa umbali gani? Na leo msafiri atatumia muda gani?

Visiwa hivyo vingaliko, navyo ni vya nchi ya Ugiriki, karibu na pwani ya Uturuki. Katika ramani vimeandikwa Kos na Rhodes. Kutoka kiwanja cha ndege cha Kos hadi kile cha Rhodes, ukipima kwa mstari ulionyoka, ni kama kilomita 100, yaani maili 60 na kidogo. Ndege ndogo hukata mwendo huo kwa nusu saa hivi. Naam, Mtume alifika siku ya pili, na wewe nusu saa tu!

Lakini usikate tiketi kabla ya kufanya hesabu. Kiwanja cha Kos hakiko mjini. Kiko katikati ya kisiwa, karibu na kijiji cha Antimachia, kama kilomita 25 kutoka mjini. Kiwanja cha Rhodes nacho ki mbali na mji wake kwa kilomita 14 hivi. Ongeza saa moja au zaidi ya kupima mizigo, kukaguliwa na kungoja. Ile nusu saa imekwisha kuwa saa tatu. Na boti ziendazo kasi huondoka bandari ya mji wa Kos, zikafika mji wa Rhodes baada ya saa mbili au tatu. Kumbe mwenye ndege na mwenye boti huenda wakafika pamoja!

Basi, ndege ni kazi bure? Hasha. Wakati wa kiangazi upepo wa kaskazini uitwao meltemi huvuma kwa nguvu, na ukizidi, wakuu wa bandari huzuia meli zisiondoke. Tena kati ya Kos na Rhodes viko visiwa vidogo, Nisyros, Tilos na Symi, visivyo na kiwanja cha ndege. Mtu akizidiwa na ugonjwa huko usiku, helikopta humchukua mpaka hospitali ya kisiwa kikubwa. Kwake yeye dakika moja ni uhai.

Kwa hiyo, msomaji, safari haipimwi kwa kilomita peke yake, bali kwa haja inayokungoja mwisho wake. Mtalii apande boti, atazame bahari. Mgonjwa na apewe ndege. Paulo naye alikuwa na haraka, kwa maana alitaka kuwa Yerusalemu siku ya Pentekoste, ingawa alijua kwamba vifungo vyamngoja. Hakuwa na ndege, wala hakugeuka nyuma.

Sisi leo twafika upesi kuliko yeye. Je, ile siku tuliyoiokoa, twaitumia kwa kazi gani?